Mkimbizi na Mkimbiaji: Garsen Yahitaji Mbio za Kipupwe

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hufundishwa katika kila shule nchini, na wanafunzi wetu huitia katika insha zao pasipo kuitafakari sana. Aghalabu hudhani kuwa inamnasihi aliyeshindwa avumilie. Lakini ukiichunguza vyema utaona kwamba inasema jambo zito zaidi, nalo ni kuwa kushindana ni mapatano. Watu wawili hawawezi kushindana mpaka kwanza wakubaliane juu ya mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, wakubali kwamba mmoja wao atatangulia na mwingine atafuata, na kwamba baada ya hayo wote wawili watarejea makwao wakiwa salama.

Nimeianza makala hii kwa methali hiyo kwa sababu suala ninalokusudia kulijadili ni mbio za barabarani. Sisemi juu ya mbio za Iten au Eldoret, ambazo dunia nzima imekwisha kuzisikia. Nasema juu ya Garsen, katika Kaunti ya Tana River, ambako ardhi ni tambarare, mto ni mpana, na ambako neno kukimbia lina historia ya machungu. Hoja yangu ni kwamba mji huu wahitaji mbio zake za kila mwaka, zikimbiwe barabarani wakati wa kipupwe, na kwamba kazi ya kuzianzisha inawafaa walimu na wanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Naomba msomaji aniwie radhi nianze na kazi yangu ya kila siku, yaani maneno. Kitenzi kukimbia kina maana mbili ambazo wasemaji wengi hawana haja ya kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni kwenda kwa kasi kwa miguu. Maana ya pili ni kutoroka jambo la kuogofya. Twasema kwamba mtoto anakimbia uwanjani. Twasema pia kwamba wanakijiji wamekimbia vita, wameyakimbia mafuriko, au wamemkimbia adui. Kutokana na kitenzi hiki kimoja tumepata nomino mbili za watendaji. Aliyekimbia kwa hofu ni mkimbizi. Anayekimbia kwa ajili ya mchezo ni mkimbiaji.

Wanafunzi wa isimu watatambua kuwa tofauti hiyo haikutokea hivi hivi. Hapo kale shina la kitenzi hiki lilikuwa na konsonanti ambayo Kiswahili kimeipoteza. Masalia yake huonekana tunaposema kukimbilia, kama vile yanavyoonekana katika julia inayotokana na jua. Kiambishi -i kilipoigusa konsonanti hiyo kiliigeuza kuwa z, na ndipo tukapata mkimbizi, sawasawa na mjuzi. Mkimbiaji, kwa upande wake, amejengwa kwa kiambishi -aji, ambacho aghalabu huashiria mazoea, kama katika msomaji, mchezaji na mwimbaji. Kwa maneno mengine, mkimbizi ni mtu aliyepatwa na jambo, ilhali mkimbiaji ni mtu aliyejizoeza jambo. Wa kwanza hajui atalala wapi. Wa pili ajua hata idadi ya kilomita zilizosalia.

Sasa na tuitazame Tana. Mto huu, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, husafiri yapata kilomita 1,000 kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini, unapoingia katika Bahari ya Hindi. Kabla ya kufika baharini hutandaa na kufanya delta kubwa ya mabwawa, mashamba na malisho. Mwaka 2012 delta hiyo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazostahili kuhifadhiwa, ile iitwayo orodha ya Ramsar. Humo wanaishi Wapokomo, ambao kwa kawaida ni wakulima wa kando ya mto na wavuvi, na Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji, pamoja na jamii nyingine ndogo ndogo. Kipokomo ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kiswahili na Kimijikenda katika kundi ambalo wanaisimu huliita Kisabaki. Kiorma ni lugha ya Kikushi, tawi la Kioromo. Mito michache katika Afrika Mashariki imezikutanisha familia za lugha zilizo mbali namna hii katika ukingo mmoja.

Watu wa huko wamekimbia mara nyingi. Wameukimbia mto wenyewe, kwa kuwa maji yaletayo rutuba shambani ndiyo yanayobomoa nyumba. Ilikuwa hivyo katika mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, ikawa hivyo mwaka 2018, na tena mwishoni mwa mwaka 2023 na mwaka 2024, pale familia nyingi zilipohamia makambini na barabara kukatika. Wameukimbia ukame pia. Kiangazi kinapokaza, wafugaji hutoka bara na mifugo yao kutafuta maji na majani katika delta. Njia wanazopita kuufikia mto huitwa malka, neno la Kiorma ambalo siku hizi latumiwa na kila mtu huko, hata katika mikutano ya serikali. Malka inapofungwa na shamba, au shamba linapokanyagwa na ng'ombe, ugomvi huzuka.

Na wamekimbiana wao kwa wao. Tarehe 22 Agosti mwaka 2012, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na huko Kilelengwani hata askari polisi waliuawa. Mwezi wa Desemba kijiji cha Kipao kikashambuliwa. Mwaka ulipokwisha, waliokufa walikuwa wamepita 100, na maelfu walikuwa wameyahama makazi yao. Nataka msomaji azingatie jambo moja katika habari za Riketa: waliouawa kwa wingi ni wale wasioweza kukimbia. Mtoto wa shule aliyenusurika siku ile sasa ni mtu mzima. Kwake yeye kukimbia hakukuwa mchezo hata kidogo.

Hii ndiyo sababu naona kwamba mbio za barabarani, jambo ambalo kwingineko ni burudani ya Jumamosi asubuhi, zina uzito wa pekee zikiwekwa Garsen.

Kwa nini kipupwe? Vijana wetu wanaposoma vitabu vya kigeni hukutana na majira ya barafu na theluji, wakadhani kwamba sisi hatuna majira ya baridi. Tunayo. Watu wa pwani wameugawa mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Kipupwe ndicho kipindi cha baridi, tokea Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na jua limepunguza ukali wake. Si baridi ya kumfanya mtu avae makoti mawili. Ni baridi ya alfajiri, ya kumfanya mzee ajifunike shuka, na mkimbiaji ashukuru.

Anayedhani kuwa majira si kitu na akumbuke yaliyotokea Mombasa tarehe 24 Machi mwaka 2007. Siku hiyo yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Machi ndio mwezi ambao joto la Mombasa hukaribia nyuzi 33 na hewa hujaa unyevu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametawala mbio hizo kwa miaka kadhaa, alishindwa na joto akatoka kabla ya kumaliza, na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Wakimbiaji wengine wengi waliacha njiani. Ikiwa mabingwa wa dunia walielemewa namna ile, mwanafunzi wa kidato cha pili atakuwaje tukimwambia akimbie kilomita 10 Garsen mwezi wa Machi? Lakini Julai ni habari nyingine. Mvua za masika zimekwisha, barabara imekauka, muhula wa pili ungali unaendelea, na wanafunzi wapo shuleni.

Siyasemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Miaka michache iliyopita nilikuwa Garsen mwezi wa Julai kwa kazi ya utafiti wa lugha. Walimu kadhaa wa huko walikuwa wameandaa mbio ndogo za barabarani, zisizo na mfadhili wala jina, nao wakanialika nishiriki. Umbali ulipimwa kwa pikipiki ya bodaboda: kilomita tano kwenda kwa barabara ya Malindi, na tano kurudi. Nambari ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi na kubanwa kifuani kwa pini. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wasiozidi 80, wengi wao wanafunzi, baadhi yao walimu, na vijana wachache wachungaji waliosikia habari wakaja. Wengine walivaa viatu vya michezo, wengine akala, na wengine hawakuvaa kitu miguuni.

Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo anayeelekea Malindi humpiga usoni, na anaporudi humsukuma mgongoni. Nusu ya kwanza ya mbio ilikuwa kazi ya kuinamisha kichwa. Kijana mmoja mchungaji, aliyekuwa mrefu na mwepesi, alitangulia tangu mwanzo. Nyuma yake walifuatana wasichana wawili wa sekondari ambao hawakutenganishwa na mtu hadi mwisho. Mimi, niliyekwisha kupita umri wa miaka 40, nilikuwa katika kundi la nyuma pamoja na mwalimu wa hesabu na wavulana watatu waliokuwa wakizungumza Kipokomo mpaka pumzi zilipowaishia.

Tulipokuwa njiani kurudi, tulimpita bibi mmoja mkongwe aliyebeba kuni. Alipotuona tunakuja mbio, aliutua mzigo wake chini, akasogea kando ya barabara, akauliza kwa sauti ya wasiwasi:

"Wajukuu zangu, mwakimbia nini?"

Mmoja wa wale wavulana akamjibu bila ya kusimama:

"Hatukimbii kitu, bibi. Twashindana!"

Bibi yule alitutazama kitambo, kisha akacheka, akatupungia mkono. Mwalimu wa hesabu aliniambia kwa maneno ya kukatikakatika kwamba mama yule alikuwa ameyahama makazi yake zaidi ya mara moja. Alipowaona watu wanapita mbio asubuhi mapema, hakuwa na sababu ya kufikiri kitu kingine isipokuwa hatari.

Swali la bibi yule lilikuwa sahihi kisarufi, na lilikuwa sahihi kihistoria. Jibu la mvulana nalo lilikuwa sahihi. Alikikana kitenzi kimoja akashika kingine. Nacho hicho kitenzi cha pili kinastahili kutazamwa. Shindana limetokana na shinda kwa kuongezewa kiambishi -an-, ambacho huonyesha kuwa tendo latendwa na pande mbili, kila upande kwa mwenzake. Ni kiambishi kilekile tunachokikuta katika pendana, saidiana na ongozana. Ni kilekile pia tunachokikuta katika pigana, chukiana na uana. Lugha haichagui. Inatuambia tu kwamba kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya peke yake, yawe mema au maovu. Wanaouana wanahitajiana vilevile kama wanaoshindana. Ila baada ya kushindana, mwenzio bado yupo, na mwakani utamkuta tena mstari wa kuanzia.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa haya na mtu wa nje. Lamu, ambako barabara ya lami kutoka Garsen kupitia Witu huelekea, mitaa ya Mkomani na Langoni ilishindana kwa ngoma na mashairi tangu zamani. Wakati wa sherehe za Maulidi watu hushindana kwa punda na kwa mashua. Katika ngoma ya kirumbizi wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo mikononi, wakarushiana na kukingana kwa mwendo wa ngoma na zumari. Mgeni akiwatazama atadhani wanataka kuuana. Mwenyeji ajua kwamba hiyo ni heshima: fimbo imeletwa uwanjani ili isitumike kichochoroni.

Mbio nazo zimekwisha kutumiwa kwa kazi hiyo hapa nchini. Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, na alipokuwa mtoto alikimbia kilomita zipatazo 10 kwenda shuleni. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, akarudia mwaka 1995. Mwaka 1998 alivunja rekodi ya dunia huko Rotterdam, na mwaka 1999 akaivunja yake mwenyewe huko Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Baada ya hapo angeweza kuishi kwa sifa zake. Badala yake, mwaka 2003 alianzisha mbio za amani katika eneo alikozaliwa, ambako Wapokot na majirani zao walikuwa wakiibiana mifugo kwa bunduki, naye akawaalika waliokuwa wakipigana wakimbie pamoja.

Loroupe ndiye pia aliyeiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki huko Rio mwaka 2016. Timu hiyo ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka Sudan Kusini, wakaishi katika kambi ya Kakuma, kisha wakafanya mazoezi Ngong chini ya uangalizi wake. Bendera ilibebwa na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, aliyeshiriki mbio za mita 800. Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyepata medali. Lakini kwa mara ya kwanza dunia iliona, mbele ya macho yake, maneno mawili ya Kiswahili yakikutana katika mtu mmoja: mkimbizi ambaye ni mkimbiaji.

Kuna watakaonijibu kwamba mbio ni za watu wa Bonde la Ufa, na kwamba mtu wa pwani hana mapafu yake. Nawakumbusha Douglas Wakiihuri, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1963, akaenda kufanya mazoezi Japani, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Roma. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha katika Olimpiki za Seoul. Hata hivyo, hoja hiyo haigusi shabaha yangu. Mbio za Garsen hazitafutiwi bingwa wa dunia. Akipatikana, tutamshangilia. Zatafutiwa vijana 200 wanaojuana kwa majina.

Wengine watasema, na hawa wana haki ya kusikilizwa, kwamba mbio haziwezi kuamua mpaka wa shamba. Ni kweli. Ugomvi wa Tana ni wa ardhi, maji na malisho, na dawa yake ni hati za ardhi zenye haki, malka zilizo wazi, maji ya mifugo huko bara, na sheria isiyobagua. Mbio za amani za Pokot zilianza mwaka 2003, lakini wizi wa mifugo katika Bonde la Ufa la kaskazini haukukoma. Ilipofika mwaka 2023 serikali ilikuwa bado inapeleka wanajeshi huko. Anayeahidi kwamba kilomita 10 za lami zitaleta amani anawadanganya watu. Ninachokisema mimi ni kidogo kuliko hicho. Nasema kwamba wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma wanapokaa kuzungumza juu ya malka, vijana wao huwa hawapo katika kikao hicho. Vijana hao ndio wanaoitwa ugomvi unapozuka. Wapi wanakutana wakati hakuna ugomvi? Shuleni, kwa wale wanaosoma. Sokoni, kwa dakika chache. Zaidi ya hapo, mahali ni pachache mno.

Kwa hiyo mtindo wa mbio una maana. Mbio ambazo kila mtu hukimbia kwa ajili ya nafsi yake ni nzuri, lakini zaweza kugeuka kuwa hesabu ya kabila: safari hii wameshinda wao, mwakani tutashinda sisi. Ningependelea mbio za kupokezana. Katika nchi ya Japani, ambako Wakiihuri alijifunza kazi yake, mbio za barabarani za kupokezana huitwa ekiden. Za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo. Mashuhuri kupita zote ni za Hakone, zilizoanzishwa mwaka 1920, ambazo hushindaniwa na wanafunzi wa vyuo vikuu tarehe 2 na 3 Januari, katikati ya baridi yao. Kila timu ina wakimbiaji 10. Hawapokezani kijiti, hupokezana utepe wa kitambaa unaovaliwa begani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi Wakenya wamekuwa miongoni mwa wanaouvaa.

Garsen yaweza kuwa na ekiden yake kwa gharama ndogo sana. Kila timu iwe na wakimbiaji wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, kila mmoja akimbie kilomita tatu. Timu zisipangwe kwa kijiji wala kwa kabila, zipangwe kwa kura, ili mtoto wa mkulima ampokee utepe mtoto wa mfugaji. Utepe wenyewe uwe kipande cha leso. Mazoezi yaanze mwezi wa Juni, timu zikutane kila Jumamosi, kwa kuwa hakuna anayeweza kupokea utepe vizuri kutoka kwa mtu asiyemfahamu mwendo wake. Kwa maoni yangu, hizo Jumamosi nne au tano zitakuwa na faida kuliko siku ya mbio yenyewe.

Nimewataja wasichana kwa makusudi. Katika mbio nilizozisimulia, wale wasichana wawili walimaliza mbele ya wavulana wengi, na wazazi waliosimama kando ya barabara waliwaona. Jambo hili halihitaji hotuba. Iwapo mavazi ni tatizo kwa familia fulani, na wakimbie kwa mavazi yao ya heshima. Sheria za mbio za kijijini twazitunga wenyewe.

Usalama nao usipuuzwe. Mabasi na malori hupita katika barabara hizo kwa kasi, na kwa miaka mingi magari ya kwenda Lamu yamesindikizwa na askari kwa sababu ya mashambulizi. Hivyo mbio zifanywe karibu na mji, upande uliokubaliwa na polisi, barabara ifungwe kwa saa mbili, na muuguzi awepo pamoja na maji ya kutosha. Mambo haya yako ndani ya uwezo wa kamati ya walimu watano wenye kalamu na daftari. Barua kwa mkuu wa polisi haigharimu chochote. Zawadi nazo zisiwe kubwa, kwa maana zawadi kubwa huleta wakimbiaji wa kulipwa kutoka mbali, na wenyeji wakawa watazamaji katika mbio zao wenyewe. Vitabu, madaftari na mchele vyatosha.

Walimu wenzangu, nyinyi mnaofundisha Tana mwaweza kuligeuza somo la sarufi likawa jambo la kuonekana kwa macho. Siku ya kufundisha unyambulishaji wa vitenzi, andikeni ubaoni kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, mkimbizi, mkimbiaji, kimbilio. Waulizeni wanafunzi ni lipi kati ya maneno hayo limewahi kuwatokea wao au wazazi wao. Msiwaharakishe kujibu. Kisha watoeni nje ya darasa, muwapeleke barabarani.

Nanyi wanafunzi, msingoje mfadhili wala mgeni wa heshima. Barabara ipo, na kipupwe huja kila mwaka bila ya kualikwa. Kinachohitajika ni watu wa kukubaliana mahali pa kuanzia. Atakayeshindwa na akubali kushindwa, kwa sababu kwa kukubali kwake ndipo aliye kando yake atakapokuwa mshindani mwenziwe, na si adui.